Siri Yao ni Hati ya Nyumba

Kila Kamala Harris anapotajwa kwenye habari, simu yangu haitulii. Ni ndugu zangu wa Lushoto na Tanga, na swali ni lile lile: wale akina mama wa waridi na kijani, wenye lulu shingoni, wanaopiga ukelele wa ajabu kwenye mikutano yake huku wameinua kidole kidogo, si ndio Freemason wenyewe? Shangazi yangu mmoja, mtu asiyeamini neno la serikali yoyote tangu nimfahamu, alinong'ona kwenye simu kana kwamba kuna anayetusikiliza: "Mwanangu, hao ukiingia hutoki."

Kwenye hilo la kutotoka shangazi amepatia. Uanachama wa vyama vya akina mama hao ni wa maisha, na mtu akifa wenzake humfanyia ibada yao ya kumuaga. Mengine ni uzushi wa WhatsApp. Ninaishi Maryland, nje kidogo ya Washington, na ninafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Miongoni mwa bibi ninaowaogesha na kuwavalisha kila asubuhi wamo wanachama wa muda mrefu. Mmoja, mwalimu mstaafu, ana suti nyekundu kabatini, bado imo ndani ya mfuko wa dobi, na haruhusiwi mtu kuigusa. Dirishani amepanga tembo wa kioo, wa mbao na wa udongo, wote wameinua mikonga. Mgeni mmoja alimletea tembo mzuri wa shaba ambaye mkonga wake umening'inia. Bibi alishukuru kwa adabu zote, mgeni alipotoka akaniambia nimtie yule mnyama kwenye droo.

Huyu bibi si wa chama cha Kamala. Kamala ni wa Alpha Kappa Alpha, rangi zao waridi na kijani. Bibi yangu ni wa Delta Sigma Theta, nyekundu na rangi ya maziwa. Ukiwachanganya mbele yao utajuta, kama vile mtu amchanganye shabiki wa Simba na wa Yanga.

Wenyewe huviita sororiti. Kwa Kiswahili changu ni vyama vya kidada vya wasomi: msichana anajiunga akiwa chuoni, au akishamaliza chuo, na anabaki humo hadi uzee. Nimewasikiliza wazee hawa, nimesoma historia yao, nimekwenda kuyaangalia majengo yao, na nina maoni yangu ambayo shangazi hatayapenda kwa sababu hayatishi. Siri yao haiko kwenye vidole wala kwenye ukelele. Siri yao ni hati ya nyumba.

Tuanze na ugomvi, maana chama cha akina mama kisicho na ugomvi sijakiona bado.

Chuo Kikuu cha Howard, Washington, Januari 1908: kikundi cha wanafunzi wa kike, Ethel Hedgeman akiwa mbele, kinaanzisha Alpha Kappa Alpha, chama cha kwanza cha aina hiyo cha wanawake weusi Marekani. Miaka minne baadaye wadogo zao wanaona chama kimekuwa kidogo kwao. Wanataka jina jingine, rangi nyingine, na zaidi ya yote wanataka kutoka nje ya geti la chuo na kuingia kwenye mambo ya nchi. Dada aliyewatangulia, Nellie Quander, akasikia, akasema haiwezekani. Tarehe 13 Januari 1913 wasichana 22 wakatoka na kuanzisha Delta Sigma Theta. Myra Davis, aliyekuwa anaongoza kile cha zamani, akawa mwenyekiti wa kwanza wa kile kipya. Tarehe 29 ya mwezi huo huo Quander na wenzake wakasajili Alpha Kappa Alpha kisheria ili jina lisiguswe tena na mtu. Februari Delta nao wakasajili chao. Mbio za kwenda kwa msajili! Nani kati yetu hajaziona?

Walichofanya Delta na uhuru wao mpya ndicho kinachonifanya niwapende. Hawakuanza na sherehe. Tarehe 3 Machi 1913, siku moja kabla Woodrow Wilson hajaapishwa kuwa rais, maelfu ya wanawake waliandamana katika Pennsylvania Avenue kudai haki ya kupiga kura. Chama kilikuwa na umri wa wiki saba. Waandalizi waliogopa kuwaudhi wazungu wa kusini, wakataka wanawake weusi wakae mwisho wa msafara. Mwandishi Ida B. Wells alikataa, akajipenyeza katikati ya wenzake wa jimbo la Illinois. Wasichana wa Delta walitembea na bendera yao, na pamoja nao Mary Church Terrell, mama aliyekuwa ameshazidi miaka 49, msomi na mpiganaji. Umati wa wanaume uliwafokea waandamanaji, ukawasukuma na kuwatemea mate, polisi wakitazama. Watu wapatao 100 walipelekwa hospitali siku ile.

Haki ya kura kwa wanawake ikaingia kwenye katiba mwaka 1920, lakini kwa wanawake weusi wengi wa majimbo ya kusini ilibaki ya kwenye karatasi hadi sheria ya mwaka 1965. Kati ya wale 22, wengi walikwenda kufundisha. Mmoja, Jessie McGuire Dent wa Galveston, Texas, aliifikisha mahakamani halmashauri ya shule mwaka 1943 kwa kumlipa mwalimu mweusi chini ya mweupe, akashinda. Mwingine, Bertha Pitts Campbell, alihamia Seattle. Mwaka 1981, akiwa na miaka 92, alirudi Washington kuongoza wenzake wapatao 10,000 katika barabara ile ile.

Sasa, nyumba.

Kwa miaka 40 ya mwanzo Delta walikuwa na kila kitu isipokuwa makao. Walikuwa na rais wa kitaifa tangu 1919, Sadie Alexander, ambaye miaka miwili baadaye alipata udaktari wa falsafa katika uchumi, mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kuupata. Walikuwa na matawi nchi nzima. Walikuwa na maonyesho yao ya kuchangisha ada za wasichana wa chuo, yaitwayo Jabberwock, yaliyoanzia Boston mwaka 1925 na yanayofanyika hadi leo. Katika miaka ya 1940 walipeleka gari la vitabu vijijini Georgia, ambako mlango wa maktaba haukumfungukia mtoto mweusi. Lakini ofisi ilikuwa pale alipo kiongozi wa wakati huo. Uongozi ukibadilika, makabrasha nayo yanahama.

Aliyelivalia njuga suala hili ni Dorothy Height, rais wa Delta kuanzia 1947 hadi 1956. Wasomaji wa makamo watamkumbuka kwa kofia zake. Kofia za yule mama zilikuwa na heshima ya peke yake. Chini yake chama kilijipatia jengo Washington, namba 1814 M Street, na mwaka 1953 kikaajiri mkurugenzi mtendaji wake wa kwanza, msichana wa miaka 29 aitwaye Patricia Roberts.

Naomba tukae hapa kidogo, maana watu hulipita jambo hili haraka. Washington ya wakati ule ilikuwa mji wa ubaguzi. Miaka kumi kabla, mwaka 1943, Patricia Roberts huyo huyo, akiwa mwanafunzi wa Howard, aliketi na wenzake ndani ya mkahawa wa Little Palace uliokataa kuhudumia weusi. Na mwaka ule ule wa 1953, mwezi wa Juni, ndipo Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kwamba mikahawa ya mji mkuu haina ruhusa ya kumfukuza mteja kwa rangi yake. Aliyeongoza madai hayo alikuwa Mary Church Terrell, yule yule wa maandamano ya 1913, sasa mkongojo mkononi na umri wa miaka 89. Kwa hiyo akina mama hawa walikuwa na nyumba yao wenyewe, yenye meza, simu na mwajiriwa anayelipwa mshahara, katika mji ambao juzi tu walikuwa hawaruhusiwi kununua chakula cha mchana na kukaa kukila.

Mshahara ndio moyo wa habari yenyewe. Walimu na manesi wanaokutana Jumamosi baada ya kazi wanaweza kufanya mengi, lakini kuna kazi za Jumanne saa nne asubuhi. Nani atapokea simu? Nani atajibu barua ya mtu aliyeandika kutoka Afrika? Patricia alikaa kwenye kiti hicho hadi 1959, akaenda kumaliza sheria, na mwaka 1965 akawa balozi wa Marekani nchini Luxembourg, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa ubalozi. Mwaka 1977 akawa waziri. Wengi humkumbuka kwa jina la ndoa, Patricia Roberts Harris. Mimi namkumbuka kama katibu wa kwanza wa nyumba ya akina mama.

Na barua kutoka Afrika haikukosa mtu wa kuijibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Delta walichangia huduma ya uzazi huko Thika, Kenya, na hadi leo wanaitaja hospitali ya Mary Help of the Sick ya pale kila wanapohesabu kazi zao za nje. Siku moja nilimuuliza bibi yangu wa tembo kama anapajua Thika. Hapajui kwenye ramani. Ila anakumbuka kutoa mchango.

Siwapambi. Mwaka 1976 walitoa filamu yao wenyewe, kupitia kampuni waliyoiunda, kwa sababu walichoshwa na jinsi Hollywood ilivyokuwa ikimchora mtu mweusi. Iliitwa Countdown at Kusini. Ndiyo, Kusini hii hii yetu, ingawa walikwenda kuipigia Nigeria. Ossie Davis aliiongoza, mkewe Ruby Dee akaigiza. Haikupata watazamaji, na fedha za wanachama zilikwenda na maji. Kuna kikundi ninachokijua nyumbani kilichosambaratika kwa mradi wa kuku mia mbili. Hawa walianguka na filamu nzima, wakasimama.

Siku hizi makao yao yako 1707 New Hampshire Avenue, mwendo mfupi kutoka Dupont Circle. Ile barabara inakata mji mshazari, na nyumba nyingi za mitaa hiyo ni za matofali mekundu za karne ya 19, zimebanana bega kwa bega, ngazi za chuma zikishuka hadi kwenye lami. Nilikwenda siku ya mapumziko, nikakuta kundi la wanawake waliotoka jimbo jingine wakipigana picha mbele ya mlango, wamevaa nyekundu kuanzia kofia hadi viatu. Ilikuwa ofisi tu, imefungwa, na siku yenyewe Jumapili. Hawakujali. Mmoja alimshika mkono binti yake wa miaka kama kumi, akamsogeza hadi kwenye namba ya nyumba, akamwambia, "Hii ni yetu." Hakusema "ya kwao wakubwa" au "ya rais wa chama". Mchango wake wa kila mwaka umo kwenye hayo matofali na anajua.

Wenzao wa Alpha Kappa Alpha nao walifungua ofisi yao ya kitaifa Chicago mwaka 1949, na wana jengo kubwa kule upande wa kusini wa mji, Stony Island Avenue. Wanabishana nani alitangulia kwa lipi, na mimi siingii.

Ila Dorothy Height siwezi kumwacha bado. Alipotoka Delta alikwenda kuongoza Baraza la Taifa la Wanawake Weusi kwa miaka 40. Mwaka 1995 baraza hilo lilinunua jengo 633 Pennsylvania Avenue, kati ya Bunge na Ikulu, kwenye barabara ile ile waliyotemewa mate wasichana wa 1913. Deni la benki lilikuwa kubwa. Mwaka 2002 mama yule alitimiza miaka 90, na badala ya kumletea maua na kofia, marafiki zake, Oprah Winfrey akiwemo, walichanga mamilioni ya dola deni likaisha. Mimi katika zawadi za uzeeni zote nilizozisikia sijasikia iliyofikiriwa vizuri kuliko hiyo. Mwanamke wa miaka 90 anapewa uhakika kwamba akifa, mnada hautapigwa mlangoni.

Basi turudi kwenye zile kelele na alama zinazomtisha shangazi. Mila za watu hawa ni nyingi na nyingine zinachekesha. Tembo wamekuja kwa sababu mmoja wa waanzilishi, Florence Letcher Toms, alikuwa na mazoea ya kukusanya sanamu za tembo walioinua mkonga. Wenzake wakamwiga, basi. Hakuna pepo humo. Kucheza kwa kupiga miguu na viganja kwa mpigo mmoja, kunakoitwa step, ni burudani na ni mashindano. Chama hiki kinakirushia kijembe kile, na wote wanakutana kesho kanisani.

Ua la Delta nalo ni habari ya kwetu kabisa. Ni lile ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vikopo katika kila duka kubwa la huku, majani yake yana manyoya laini, ukiyamwagia maji baridi yanaweka madoa. Wamarekani wanaliita urujuani wa Afrika. Wajerumani wanaliita urujuani wa Usambara, na ndio wasema kweli, kwa sababu limetoka kwetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa na mamlaka upande ule, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, akaliandika kitabuni na kulipa jina la ukoo wa Saint Paul. Miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles wakaagiza mbegu, wakazalisha aina mpya, likaenea Marekani yote. Mimi nililijua kabla ya hapo, kwenye miamba yenye unyevu kando ya vijito, chini ya kivuli, mahali ambapo tukipita kuokota kuni hatukugeuza hata shingo. Anayelitazama sana huku ni bibi mmoja wa Maryland, ambaye anakata jani, analichomeka kwenye udongo, na likishatoa mche anampa mwenzake wa chama. Amenipa na mimi. Nilimwambia kwetu halipandwi, linaota lenyewe, nadhani hakuniamini.

Kwa hiyo wana ua la Usambara, hospitali ya Thika na filamu ya Kusini. Sisi tuna nini chao?

Sisi tulikuwa na vyetu, tena vya umri ule ule. Msomaji wa pwani anajua lelemama, ngoma ya akina mama. Mombasa kulikuwa na Ibnal Watan na Banu Saada, vyama vya akina mama vyenye viongozi wenye vyeo, sare, nyimbo za kupigana vijembe, mashindano ya kumwaga fedha hadi watu wauze dhahabu. Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kundi la ngoma liitwalo Bomba kabla hajaingia TANU, chama cha kudai uhuru, katikati ya miaka ya 1950, na alipotakiwa kuleta wanawake kwenye chama alikwenda moja kwa moja kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Ndani ya miezi michache alikuwa na maelfu. Mtu asiniambie kwamba Waafrika wa pwani walihitaji kufundishwa na Howard namna ya kuunganisha wanawake kwa rangi ya nguo na wimbo.

Lakini leo ukitaka kujua kilichotokea kwenye lelemama ya Mombasa, unakwenda kwenye kitabu cha Margaret Strobel, kilichochapishwa na Yale mwaka 1979. Ukitaka akina mama wa TANU na vikundi vyao, unamsoma Susan Geiger, Mmarekani, 1997. Ninawashukuru wote wawili, walihoji wazee wakati wazee bado wapo. Delta historia yao iliandikwa mwaka 1988 na Paula Giddings, ambaye ni Delta mwenyewe. Alikuwa na makabrasha ya kufungua. Ya Bomba yako wapi? Yalikuwa vichwani, kwenye makanga, na kwenye mkoba wa katibu.

Mkoba wa katibu naujua. Mama yangu yuko kwenye kikundi cha kufa na kuzikana tangu mimi sijaanza shule. Wana sare ya kitenge, wanabadili kila baada ya miaka kadhaa, na wana nyimbo zao. Wamezika, wameozesha, wamesomesha watoto wa watu. Kumbukumbu zote ziliandikwa kwenye kaunta buku moja yenye jalada jekundu na jeusi, kwa mwandiko mzuri wa katibu wao. Katibu alipofariki, watoto wake walisafisha nyumba. Ile kaunta buku haikuonekana tena, na pamoja nayo orodha ya nani alichanga nini kwa msiba wa nani kwa zaidi ya miaka 20. Ugomvi uliofuata juu ya nani anadaiwa haujaisha. Hakuna aliyeiba. Hakukuwa na kabati, kwa sababu hakukuwa na chumba, kwa sababu hakukuwa na nyumba.

Najua ninavyoweza kujibiwa. Vyama hivi vya Marekani ni vya wasomi, ada zake ni za juu, mwanamke anayefagia barabara haingii. Kweli, na hilo ni doa. Walianzia chuoni na wamebaki na harufu ya chuo. Tena kuna doa baya zaidi: mateso ya kuwaingiza wageni, wasichana kunyimwa usingizi na kupigwa kwa jina la kuwakomaza. Mwaka 1990 vyama vikubwa vya weusi, vya kike na vya kiume, vilikubaliana kuufuta utaratibu wa zamani wa kuingiza wanachama, na bado kesi zinasikika. Sitetei upuuzi huo. Mila inayomuumiza binti wa mtu ili aonekane amekomaa haistahili kuitwa mila, hata kama waliofanyiwa wanacheka wakisimulia.

Katika kupokea kila mtu, vikundi vyetu vinawazidi. Kwetu anaingia muuza mchicha na mke wa mkurugenzi, na wote wanaosha sufuria msibani. Tunachokosa ni ile hati. Tuna VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, kila kona. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo, na asilimia nne kati ya hizo ni ya wanawake. Fedha zinakuja, zinanunua vyerehani, viti vya kukodisha, mahema na sufuria. Halafu viti vinalala kwa mwenyekiti, sufuria kwa mweka hazina, na siku wakikosana kikundi kinagawana mali kama wanandoa. Sheria ya kuzuia hilo ipo siku zote: mnasajili wadhamini wenu RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, kiwanja kinaandikwa kwa jina la wadhamini, na hakuna mtoto wa mtu atakayekirithi. Si lazima liwe ghorofa la New Hampshire Avenue. Chumba kimoja, bati, kufuli, kabati la chuma.

Niliwapelekea mama na wenzake hoja hii kwa simu, wakiwa kwenye kikao, spika imewashwa. Waliniuliza maswali ya maana: kodi ya ardhi nani atalipa, ufunguo utakaa kwa nani, na kwa nini mimi niliyeko Marekani nisianze kuchangia. Hilo la mwisho nilijibu palepale, nimetuma. Shangazi naye alikuwepo. Akauliza kama hiyo nyumba itakuwa na tembo ndani. Mwenyekiti akamwambia akae chini, akauliza bei ya kiwanja karibu na soko la Lushoto, na akateua watu watatu wa kwenda kuuliza ardhi Jumatatu.